Wakwe Wawili na Kompyuta ya Bi Tabu

Watu wa Makole, mtaa wa Dodoma mjini, wakitaka mafuta ya alizeti ya kweli, yale ambayo ukikaangia dagaa nyumba ya tatu wanajua, huelekezwa kwa Bi Tabu. Madumu humfikia kwa basi kutoka Kondoa. Yeye huyachuja mafuta barazani kwa kitambaa cheupe, huyapima kwa chupa, na muda wote huo anaongea, maana kwake maongezi ndiyo nusu ya biashara. Ni mama mnene wa wastani, mwenye mwendo wa taratibu na kicheko kinachoanzia tumboni. Ukimuuliza hali atakwambia hana la kumlalamikia Mungu. Wengi wetu husema hivyo kwa mazoea tu. Bi Tabu huwa ameshafikiri kabla ya kusema.

Alizaliwa Mnenia, kwenye vilima vya Kondoa, kwa Warangi, na alipomaliza darasa la saba baba yake aliona yametosha. Usianze kumhurumia. Aliolewa na Hassani, mnunuzi wa alizeti, kijana mpole aliyekuwa akimletea pipi za kijiti kila atokapo mnadani, na mpaka leo, mzee mzima mwenye mvi, bado humletea. Wakahamia Dodoma, wakajenga Makole, wakapata mabinti wawili, Munira na Shamimu. Mabinti hao walipokuwa sekondari, kila jioni Bi Tabu aliketi mbele yao ameshika kitabu cha Kiingereza, wao wakikariri, yeye akifuata mistari kwa kidole. Hakuwa akielewa hata neno. Alijua mtoto amekosea kwa kumtazama macho tu, akasema, “Rudia hapo,” na mtoto akarudia, akiamini mama yake anajua kila kitu.

Kile kitabu kilimkaa moyoni miaka yote. Hakukionea uchungu, ila alitamani siku moja akifungue na kimwambie kitu. Mabinti walipoolewa na nyumba ikapungua kelele, alijiandikisha kwenye darasa la watu wazima linalofundishwa kwa mtandao, ili afanye mtihani wa maarifa, ule unaomfungulia mlango mtu ambaye hakusoma sekondari, na Mungu akipenda aendelee mpaka kidato cha nne. Waliojua ni mumewe, mabinti zake na waume wa mabinti zake. Wageni hawakuambiwa, na nyumba ya Mzee Hassani haikosi wageni. Kila Mrangi anayeshuka basi Dodoma, awe mgonjwa, mwenye kesi au mwenye njaa tu, hufikia hapo. Bi Tabu hakutaka mashemeji zake wapate la kumtania, kwamba bibi mwenye wajukuu anajifunza kusema habari za asubuhi kwa Kiingereza. Kwa hiyo alisomea chumbani kwake, mwisho wa korido, pazia limeshushwa mlangoni.

Kompyuta aliletewa na Uwesu, mume wa Munira, anayekaa Area D na kutunza kompyuta za ofisi moja ya umma. Uwesu ni mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi. Aliikuta kwenye duka la mitumba ya Ulaya. Betri ilikuwa imekufa kabisa, ukiichomoa kwenye umeme inazima papo hapo, lakini kioo chake kilikuwa kipana na maandishi yakisomeka bila kukunja uso. Akaiwekea mfumo wa kuiendesha uitwao Linux, kwa kuwa ni ya bure na haihitaji mashine yenye nguvu. Kadi ya waifai ilipoanza kusuasua, akatafuta draiva ya kampuni iliyoitengeneza kadi hiyo, akaisimika mwenyewe. Draiva, kwa asiyejua, ni programu ndogo inayoisimamia kadi na kuiambia la kufanya, na kadi moja huwa na msimamizi mmoja. Uwesu akaijaribu sebuleni, karibu na ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao, iliyokaa juu ya kabati la televisheni. Ikaenda vizuri, akaaga.

Kule chumbani, nyuma ya ukuta wa matofali ya kuchoma, mtandao ulikuwa ukija na kuondoka utakavyo.

Sasa, mkwe wa kiume hakanyagi chumba anacholala mama mkwe wake. Nyumba ikiwaka moto atasimama koridoni aombe mtu amwitie mama. Kwa hiyo Uwesu hakuweza kuijaribu kompyuta mahali inapotumika. Na mama mkwe naye hamwambii mkwe wake kwamba kazi aliyoitolea jasho haifai. Uwesu alipopiga simu kuuliza, Bi Tabu alimjibu, “Imetulia kabisa, baba. Mungu akubariki.” Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakutuachia maelekezo ya namna ya kuisema methali hiyo mbele ya mkwe.

Akavumilia, kisha akamnong'oneza Shamimu, na Shamimu akamwambia mumewe. Huyo ni Abdulrahim, mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta pale Sabasaba, kijana anayeweza kupiga soga na dumu la mafuta likamwitikia. Akaja, akaifungua kompyuta sebuleni, akaona kwamba draiva inayokuja na Linux yenyewe ingemfaa mama zaidi. Kabla ya kuiweka hiyo ilimpasa aiondoe ile ya Uwesu. Abdulrahim alilijua hilo vizuri sana. Lakini Uwesu ndiye aliyeoa binti mkubwa, na kazi ya mkubwa haifutwi na mdogo bila kumwuliza, na ukimwuliza umeshamwambia amekosea. Akaiacha mahali pake, akaweka ya kwake pembeni, akaandika amri kwamba kompyuta ikiwaka iite hiyo ya pembeni. Akaijaribu pale pale sebuleni, ikaenda.

“Imetulia, baba,” Bi Tabu akasema.

Siku ya Idd Uwesu alikuja kusalimia, akaikagua kompyuta, akaiona ile amri na akautambua mkono wa aliyeiandika. Angeweza kuifuta kwa mstari mmoja. Akaona mdogo wake atajisikia amedharauliwa, hivyo akaongeza amri yake mwenyewe, ili ile draiva ya kwanza nayo iitwe mapema. Mafahali wawili hawakai zizi moja, sote tunalijua hilo tangu utotoni. Hawa mabwana wawili waliwaingiza mafahali zizini kwa heshima tupu, kila mmoja akimfungulia mwenzake mlango.

Tangu hapo, kila kompyuta ilipowashwa, draiva zote mbili ziliikimbilia kadi. Siku nyingine ya Abdulrahim ilitangulia, na Bi Tabu akasoma kwa raha mpaka mwisho. Siku nyingine ya Uwesu ilitangulia, na uso wa mwalimu ukaganda mdomo ukiwa wazi. Na siku nyingine zilifika pamoja, zikang'ang'aniana, na orodha ya mitandao ikawa tupu kana kwamba Dodoma nzima haina ruta. Akiihamishia sebuleni ilibidi aichomoe, ikazima, akaiwasha upya, na huko mara nyingi ilikubali. Ilikuwa kama mtoto anayeungua homa nyumbani, akifikishwa mbele ya nesi anacheka. Bi Tabu alifikia kuiombea dua.

Mwalimu wake aliitwa Debora, Mgogo wa Mvumi mwenye sauti ya mtu aliyekulia kwaya. Alimpenda Bi Tabu na alimtania bila huruma, lakini subira yake ilikuwa inaelekea ukingoni.

“Mrangi wangu,” alimwambia siku moja mtandao uliporudi, “kila tukifika kwenye maswali ya mdomo wewe unakatika. Wenzako wanasema unanikimbia.”

“Ni mtandao, mwalimu. Wallahi ni mtandao.”

“Mimi naamini. Ila siwezi kukuandikisha mtihani kwa imani. Jumamosi alasiri nawasikiliza wote, mmoja mmoja, kusoma na kujibu maswali. Nikuone uso, na uwe peke yako chumbani. Asiyefanya anarudi darasa la wanaoanza, atasubiri mwakani.”

Bi Tabu si mtu wa kulia ovyo, ila alikwenda jikoni akamenya vitunguu ambavyo havikuhitajika, ili akiulizwa awe na sababu. Darasa la wanaoanza alishalimaliza. Alilimaliza kwa kukariri akipima mafuta, akikariri akifua, akikariri mpaka Mzee Hassani naye akaanza kuota kwa Kiingereza asichokijua. Kurudishwa huko akiwa na umri wake, nyuma ya watoto wa watu waliomkuta darasani, aliona kungemvunja, na hakuwa na uhakika kama angejikusanya tena.

Jumamosi hiyo, kama kawaida ya mambo, ikaangukia siku ya safari. Kulikuwa na harusi Kondoa. Munira na Shamimu walikwisha kutangulia kwenda kupika na wenzao, na waume zao walitakiwa kupita Makole na gari la Uwesu, Noah, wawachukue wazee. Sebule ilijaa. Mzee Hassani alikuwa amekaa na kaka zake na wajomba, kanzu zimenyooshwa, kahawa inazunguka, redio inazungumza, wote wakingoja jambo moja tu, nalo ni Bi Tabu, aliyesema ana shughuli ndogo chumbani na akishaimaliza wataondoka.

Akaiwasha kompyuta. Orodha ya mitandao ilikuwa tupu. Akaizima, akaiwasha tena huku akisoma bismillahi. Tupu. Darasa lilikwisha kuanza. Mwalimu huwaita wanafunzi kwa kufuata herufi za majina, hivyo zamu ya Tabu ingechelewa kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alimshukuru marehemu baba yake kwa jina alilompa. Akaiwasha mara nyingine. Ikabaki vile vile.

Akasimama nyuma ya pazia. Koridoni alisikia wakwe zake wakiongea juu ya matairi.

“Uwesu, baba. Abdulrahim, baba. Hebu sogeeni.”

Wakasogea mpaka mlangoni, wakasimama wameangalia ukuta, kama inavyopasa.

“Shikamoo, mama,” wakasema pamoja, ingawa walikwisha kumwamkia.

“Marahaba. Wanangu, hii kompyuta haijatulia. Haijawahi kutulia. Nilikuwa nasema imetulia kwa sababu niliwaonea haya. Sasa mwalimu ananingoja, na nisipoonekana leo nimefeli.”

Wote wawili wakaanza kwa pamoja. Uwesu akapendekeza iletwe sebuleni, wakamkumbuka mwalimu na sharti lake la kuwa peke yake, na wazee waliojaa kule. Abdulrahim akapitisha simu yake chini ya pazia. Bi Tabu akaishika mbali, akaishika karibu, akairudisha. Maandishi yake yalikuwa madogo kama utitiri. Wakafikiria kuiunganisha simu na kompyuta kwa waya, na waya pekee uliokuwepo nyumbani ulikuwa wa kuchajia tu, haupitishi kingine.

“Basi itabidi tuitibu hapo hapo ilipo,” Uwesu akasema. “Mama, sisi tutasema herufi, wewe utaandika.”

Hivyo ndivyo wanaume wawili wenye ujuzi wao walivyosimama koridoni wakiitibu kompyuta wasiyoiona, kwa mikono ya mama mkwe wao, kupitia kitambaa chenye maua. Abdulrahim alimwelekeza afungue dirisha jeusi la kuandikia amri. Uwesu alitaja amri herufi kwa herufi, na Bi Tabu alizitafuta kwenye kibodi kwa kidole kile kile alichokuwa akifuatia mistari ya mabinti zake.

“Inataka paswedi, baba.”

Uwesu akaanza kuchezea kifungo cha shati.

“Uwesu, inataka paswedi.”

“Naam, mama.” Akakohoa. Akamtazama Abdulrahim, akatazama sebuleni alikokaa baba mkwe wake. Akainamisha kichwa. “Ni munira. Herufi ndogo zote.”

“Munira. Nimeandika. Imekataa.”

“Haijaishia hapo, mama.” Masikio yake yalikuwa yamewaka. “Munira, halafu unaunganisha. Wangu.”

Upande wa pili wa pazia kibodi ilinyamaza kidogo, kisha ikagonga taratibu, herufi kumi na moja. Abdulrahim aliuma kiganja chake ili asicheke. Hakuna aliyesema kitu, na nadhani hakuna atakayesema mpaka Kiyama.

“Imekubali. Sasa imeandika mistari. Kiingereza kitupu.”

“Isome, mama,” Abdulrahim akasema, na papo hapo akajuta, kwa sababu aliona amemwaibisha. “Au taja herufi tu, tutaelewa.”

Bi Tabu hakutaja herufi. Alivuta pumzi akasoma, kwa Kiingereza, neno baada ya neno, kwa sauti ya darasani. Alikwama mara moja, akarudi nyuma, akapita. Kisha akaupitia tena mstari wa mwisho kwa kidole.

“Inasema imeshindwa kuiingiza,” akasema. “Kifaa kina shughuli. Si ndiyo? Kimeshikwa. Sasa nani amekishika?”

Wakwe wakatazamana. Walikuwa wamelifahamu jibu tangu mstari wa kwanza, na kila mmoja alikuwa akiomba ardhi immeze yeye kwanza.

“Mama, kuna draiva mbili humo,” Uwesu akasema. “Moja ni yangu.”

“Na nyingine ni yangu mimi,” Abdulrahim akasema. “Niliikuta ya kaka, sikuweza kuigusa.”

“Na mimi niliiona ya mdogo wangu siku ya Idd. Nikaiwekea yangu nguvu, lakini ya kwake sikuifuta.”

“Kadi ni ngapi?” Bi Tabu akauliza.

“Moja, mama.”

“Inataka wasimamizi wangapi?”

“Mmoja.”

“Basi toeni mmoja, baba zangu. Mwalimu ananingoja.”

“Itoke yangu,” Abdulrahim akasema haraka. “Ya kaka ndiyo ilitangulia.”

“Hapana, ya mdogo wangu ibaki. Yangu ndiyo iliyoleta shida.”

“Kaka, haiwezekani.”

“Mdogo wangu, nimesema.”

Wangeendelea hivyo mpaka harusi iishe na maharusi wapate mtoto. Bi Tabu, aliyewalea wasichana wawili waliokuwa wakigombea nani amwachie mwenzake kipande kikubwa cha nyama kisha wote wakalala na njaa, alilijua tatizo hilo. Akapandisha sauti kidogo tu.

“Mimi sitaki kujua ya nani ilitangulia. Nataka kujua ipi inafika huku ndani. Nyie wote wawili mlijaribu sebuleni. Zisimamisheni zote, halafu tuanze na moja.”

Wakafanya hivyo. Abdulrahim akataja amri za kuzisimamisha draiva zote mbili, Bi Tabu akaandika. Kisha wakaiamsha ya Uwesu peke yake. Ruta ikaonekana kwenye orodha, ikapotea, ikaonekana, ikapotea. Wakailaza hiyo, wakaiamsha ya Abdulrahim peke yake. Bi Tabu akatazama pembeni mwa kioo, akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

“Hii imeshika,” akasema. “Na imetulia. Safari hii nasema kweli.”

Abdulrahim aliangalia miguu yake. Ingekuwa kwenye kibanda chake Sabasaba angepiga makofi na kuwatangazia majirani, lakini pale alitamani kama ingeshika ile nyingine. Uwesu akamwekea mkono begani. Kisha akasogea karibu na pazia zaidi kuliko alivyokuwa amewahi, na kwa sauti ile ile ya kiofisi akaanza kumtajia mama mkwe wake amri ya kuiondoa kazi yake mwenyewe, herufi kwa herufi, akimngoja amalize kila moja. Aliifuta draiva, kisha akafuta na ile amri aliyoiongeza siku ya Idd. Mwishoni akamwambia aizime na kuiwasha, ili wahakikishe.

Wakangoja. Redio sebuleni ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Mjomba mmoja aliuliza kama watalala Makole, na Mzee Hassani akamwambia anywe kahawa.

Ikawaka, na mtandao ukashika wenyewe bila kuitwa.

“Tabu Hassani,” sauti ya Mwalimu Debora ikajaa korido nzima, maana Bi Tabu alikuwa ameongeza sauti mpaka mwisho na hakujua kuipunguza. “Mrangi wangu, nilikuwa nafunga mlango.”

“Nipo, mwalimu. Uso wangu unauona?”

“Nauona. Unatoka jasho. Haya, soma.”

Akasoma. Kifungu kilihusu mkulima na ng'ombe wake, na alikisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, bila haraka, akihakikisha kila jiwe kabla ya kuhamisha mguu. Wakwe wangeweza kuondoka. Kazi yao ilikwisha, gari lilikuwa linangoja. Hawakuondoka. Waliegemea ukuta, mmoja huku na mwingine huku, na kila alipokwama walishika pumzi mpaka apite.

Kisha yakaja maswali. Mwalimu Debora akamwuliza, kwa Kiingereza, amweleze watu wa nyumbani kwake.

Bi Tabu akamjibu kwa Kiingereza chake, sentensi fupi fupi, vitenzi vingine vikiwa vimevaa nguo za jana. Alisema ana mume, anaitwa Hassani, ni mtu mzuri. Alisema ana mabinti wawili, wameolewa. Mwalimu akamwambia aendelee.

“Nina watoto wa kiume wawili,” akasema kwa Kiingereza kile kile. “Sikuwazaa. Waliwaoa mabinti zangu. Leo wamesimama nje ya mlango wangu, hawawezi kuingia, ni desturi yetu. Wamenitengenezea kompyuta. Kila mmoja alitaka kuiondoa kazi yake ili ya mwenzake ibaki.” Akatafuta neno, akalikosa, akachukua jingine. “Nawapenda watoto hawa. Kwa lugha yetu siwezi kuwaambia, ni aibu kubwa. Kwa Kiingereza bado sijafundishwa aibu.”

Mwalimu Debora alipojibu, sauti yake ya kwaya ilikuwa imepoteza nguvu kidogo.

“Nimekuandikisha, Bi Tabu,” akasema kwa Kiswahili. “Mtihani utafanya mwaka huu. Nenda harusini.”

Koridoni, Abdulrahim alikuwa amegeukia ukuta, na mabega yake hayakuwa ya mtu anayecheka. Uwesu alivua miwani yake akaisafisha kwa ncha ya shati lililopigwa pasi, jambo ambalo Munira hajawahi kumwona akilifanya. Waliisikia kila sentensi na wakaielewa, na kwa desturi walipaswa kuwa kama hawakusikia kitu.

Mzee Hassani akatokea sebuleni, kofia mkononi, ametumwa na wazee waliochoka kungoja. Akawatazama wakwe zake, akalitazama pazia.

“Anasema nini huyo mama yenu muda wote huo?” akauliza.

Abdulrahim alijifuta uso kwa mkono wa shati.

“Anasema mtandao umekubali, baba,” Uwesu akajibu, akatoka nje kwenda kuwasha gari.